Mtafsiri wa Sinema ya Kijiji

Mwanamke mmoja alikuwa na sauti, na sauti hiyo aliitoa bure. Jina lake Tupokigwe. Alifanya kazi za ndani mjini kwa miaka tisa, akarudi kwao milimani na mabegi mawili na lugha ya kigeni aliyoiokota jikoni kwa watu. Kwa hiyo wanakijiji wenzake walipoanzisha sinema katika ukumbi wa kijiji, yeye ndiye aliyesimama kando ya shuka jeupe kila Jumapili baada ya ibada, akawaambia watu picha inasema nini.

Hakuna aliyelipwa. Wanaume walibeba jenereta kwa zamu. Kila nyumba ilikuwa na dirisha lake la kuziba, ikaja na blanketi lake, ili ukumbi uwe na giza mchana kweupe. Nyumba iliyosahau blanketi ilisemwa wiki nzima. Watu walijivunia sinema yao, na walikuwa na haki ya kujivuna.

Ila walifanya kosa moja, na kosa hilo ni letu sote, maana sisi hatujui kuanzisha jambo bila kulitafutia mlezi. Mwenyekiti wa kijiji, Mwambeje, alitoa kufuli la mlango. Kufuli tu! Kwa kufuli hilo wakampa ulezi wa sinema na kiti cha mbele chenye kitambaa, na ufunguo ukakaa kwake.

Sasa, bomba la maji la kijiji lilipita kando ya shamba la viazi la Mwambeje. Kila kiangazi alipanda kule juu, akafunga koki kubwa, maji yakageukia kwenye mifereji yake. Chini kijijini wanawake walipanga ndoo tangu asubuhi hadi jua la utosi. Kila mtu alijua, na kila mtu, akiulizwa, alisema ni kiangazi tu.

Jumapili moja ilionyeshwa picha kutoka nchi ya mbali. Ndani yake bwana mmoja mwenye shamba aliziba mto, na watu wa bondeni wakabaki na mchanga. Tupokigwe alikuwa ameiangalia mara mbili kabla, kama kawaida yake, maana hakupenda kubabaisha. Alijua kinachokuja. Bwana yule alipoanza kupanga mawe mtoni, hakuna aliyethubutu kutazama kiti cha mbele.

Mwenyekiti akamwita kwa kidole. Akamnong'oneza aseme kwamba bwana huyu anayatunza maji yasipotee, tena anawatunzia wao. Kisha akamkumbusha, kwa upole kabisa, ufunguo wa ukumbi uko mfukoni mwa nani.

Tupokigwe akarudi mahali pake. Aliwaza miaka minne ya jenereta mabegani na mablanketi madirishani, na vicheko vya watu ambao wiki nzima hawakuwa na cha kuchekea. Neno moja la uongo, na yote yangebaki. Nani angeumia? Wenye macho wangejionea wenyewe.

Lakini kwenye benchi la pili alikaa Ndimbumi, msuka mikeka, kipofu tangu utotoni, ambaye hakukosa Jumapili hata moja. Kwake yeye hapakuwa na picha nyingine ila maneno ya Tupokigwe. Aliposikia kimya kimezidi, akauliza kwa sauti kavu mbona mtafsiri amenyamaza, na huyo bwana anafanya nini.

Tupokigwe akainua kichwa, akasema mpaka walio nje wakasikia: "Anawanyima watu maji ili anyweshe shamba lake, na watu wanamwona, na wamekaa kimya."

Mwenyekiti alizima jenereta kwa mkono wake mwenyewe. Jumatatu kufuli lilikuwa mlangoni pamoja na tangazo kwamba ukumbi umefungwa kwa ukarabati, ingawa hakuna fundi aliyeonekana. Wako waliomlaumu Tupokigwe. Walisema amewaponza, kwamba angeuma ulimi siku moja tu. Siwafichi, maneno hayo yalimuuma kuliko kufuli.

Jumapili iliyofuata alikwenda vilevile. Akasimama kwenye ngazi za ukumbi, juani, bila shuka wala umeme, akaanza pale picha ilipokatwa. Mwanzoni walimsikiliza watu sita. Baadaye uwanja ukajaa, wengine na ndoo zao tupu. Alipokaribia mwisho walimkodolea macho ya kuomba, maana walitaka bwana yule aanguke. Tupokigwe hakuwapa walichotaka, kwa kuwa picha haikuisha hivyo. Watu wa bondeni walifunga mizigo, wakahama nyumba baada ya nyumba, na bwana akabaki na mto wake. Aliyekataa kudanganya kwa ajili ya mwenyekiti alikataa pia kuwadanganya wao.

Watu walikasirika kwelikweli. Wakanung'unika, wakasonya, wakaitukana picha. Ndimbumi ndiye aliyesimama, akajifunga kitenge chake vizuri, akalishika bega la Tupokigwe na kumtaka ampeleke kwenye koki. Wala hakubembeleza. Wakatangulia hao wawili, na kijiji kikawafuata kikipanda mlima.

Mwenyekiti aliwakuta hapo hapo penye bomba, ameunyanyua ufunguo wa ukumbi. Aliwaahidi kwamba wakirudi majumbani atawafungulia sinema yao siku hiyo hiyo, na kusiwe na maneno tena. Hakuna aliyenyoosha mkono kuupokea. Tupokigwe, aliyeipenda sinema ile kuliko wote, alikuwa wa kwanza kumpita. Ndimbumi akapapasa mpaka akaipata koki, akaizungusha kwa mikono miwili, na maji yakaanza kunguruma kuelekea chini.

Basi ninyi mnaonisikiliza, kila mmoja na macho yake mawili: mnamngoja kipofu gani aje awaulize mnachokiona kila siku?