Shuka la Mkunga Saru

Mtu mmoja alikuwa na hadubini. Jina lake Mwandoe, mwana wa Kilei, na kabla ya kurudi kwao kulima viazi alikuwa ameosha vioo vya maabara ya daktari mmoja wa serikali kwa miaka kumi na tisa. Daktari alipostaafu alimwachia chombo hicho pamoja na kichupa cha rangi ya zambarau. Majirani walikiita darubini. Mwandoe aliwasahihisha kwa upole: darubini huleta karibu kilicho mbali, hadubini hukuza kilicho kidogo. Walimsikiliza, kisha wakaendelea kukiita darubini.

Mwandoe alikuwa na dada, Saru, aliyemtangulia kwa miaka kumi na miwili. Mama yao alipokufa, Saru ndiye aliyemlisha na kumvika, tena akambeba mgongoni kuvuka mto ili afike shule ya misheni na nguo kavu. Sasa alikuwa mkunga wa kilima kizima. Alikuwa na shuka moja la merikani alilorithi kwa mkunga aliyemfundisha. Kwa shuka hilo alimpokea mtoto, kwa hilo alimfuta mama, kwa hilo alijifuta mikono. Kila mtoto aliyezaliwa na kulia alifungiwa fundo dogo pindoni. Na desturi ilikuwa hii: shuka halifuliwi, kwa maana kulifua ni kuwaosha watoto wote waliofungwa humo, watoke duniani. Lilikunjwa na kuwekwa kikapuni hadi uzazi mwingine. Wenye mimba walipokutana na Saru njiani, waliomba walishike kidogo.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi akafa Mghoi, mke wa Mwashumbe, siku ya nne baada ya kujifungua. Homa ilianza siku ya tatu, tumbo likavimba, akaweweseka. Watu walitaja baridi, wengine wakataja kijicho. Mwandoe hakutaja kitu. Siku ya maziko, Saru akiwa mazikoni, aliingia nyumbani kwake akakata uzi mmoja wa shuka. Aliuloweka katika maji yaliyochemshwa na kupoa, akakausha tone juu ya kioo, akalipitisha motoni, akalitia rangi, akainama kutazama.

Aliona vijidudu vya duara vimeshikana kama shanga zilizotungwa. Alikuwa ameviona zamani, katika damu ya mwanamke aliyefia hospitalini, na daktari alimfundisha jina la vijidudu hivyo, streptokoki, akamwambia asilisahau. Mwandoe hakuwa na hakika kwamba ndivyo vilivyomwua Mghoi. Kioo humwonyesha mtu kilichopo, hakimwambii kilichotendeka. Lakini alijua kiasi cha kutosha kuogopa.

Alikumbuka na mambo mengine aliyosimuliwa na daktari huyo. Kwamba mtu aliyeviona viumbe vya namna hii kwanza alikuwa muuza vitambaa wa Uholanzi, aliyesugua vioo vyake mwenyewe, na kwamba baada yake ilipita karibu miaka mia mbili kabla watu hawajakubali kuwa viumbe hivyo huweza kuua. Kwamba katika muda huo daktari mmoja wa ng'ambo aliwaomba madaktari wenzake wanawe mikono wanapotoka kupasua maiti kwenda kuzalisha, nao wengi wakachukizwa, wakaona wametukanwa. Wakati ule Mwandoe aliwasikitikia kwa ujinga wao. Sasa aliketi mbele ya kioo chake, akamfikiria dada yake, akanyamaza.

Akafa Shali, mke wa Mngoda, naye siku chache baada ya kujifungua. Mwandoe alijiambia atasema baada ya matanga. Matanga yalipoisha alijiambia atasema viazi vikishavunwa. Akafa Malemba, aliyekuwa na miaka ishirini, na mtoto wake akafa naye. Nimewataja watatu hao kwa majina kwa sababu watu walikuwa wameanza kusema tu, wale wa homa.

Aliyefuata kujifungua alikuwa Mkanyika, binti wa Mwandoe, na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mwandoe alianza kushindwa kula. Alimtazama binti yake akipepeta maharagwe, akahesabu siku. Mwishowe alimwita Saru nyumbani, akaweka kioo, akamwambia tone lile limetoka katika uzi wa shuka lake, akamwomba atazame. Saru alifumba jicho moja, akatazama kwa muda mrefu.

"Ndivyo hivi vishanga vilivyokukondesha?" aliuliza. "Viko ndani ya darubini yako, ndugu yangu. Kabla hujaileta hapa hatukuwa navyo."

"Hadubini," alisema Mwandoe, kwa kuwa hilo ndilo peke yake alilokuwa na ujasiri wa kulisema.

"Haya, hadubini. Na nani ameifundisha kumtukana mkunga?" Akacheka, akajifunga leso yake, akaenda zake.

Uchungu ulimshika Mkanyika Jumamosi asubuhi. Saru alipofika na kikapu chake, alimkuta Mwandoe amesimama mlangoni na sufuria ya maji yaliyochemka na kipande cha sabuni.

"Baba mtu siku kama hii huenda shambani," alisema mwanamke wa jirani aliyekuwa ukumbini. "Wewe umekuja kusonga ugali?" Wenzake wakacheka. Ndani, Mkanyika akapiga kelele. Mwandoe hakusogea.

"Dada, nawa kwanza," alisema. "Na hilo shuka liache nje."

Saru alisogea karibu naye, akasema kwa sauti ya chini ili wa ndani wasisikie. "Nikinawa leo, Mwandoe, nimekiri kwamba wale watatu niliwaua mimi. Nitapita wapi katika kilima hiki?"

Mwandoe alijibu kwa sauti iliyosikika na wote. "Mghoi alikufa wewe hujui. Shali na Malemba ni wangu, kwa sababu mimi nilikuwa nimeona."

Mwandoe aliweka sufuria chini, akamimina maji kwenye beseni, akakunja mikono ya shati, akanawa mbele yao wote hadi viwikoni, ingawa hakuna ambaye angemruhusu kuingia. Akamwaga maji hayo, akamimina mengine, akapisha mlango.

Saru alilitazama shuka. Mafundo yalikuwa mia moja arobaini na sita, na kila moja alilijua ni la nani. Mkanyika akalia tena, safari hii akiita jina la shangazi yake. Saru aliweka kikapu nje ya kizingiti, akatia mikono katika maji ya moto mno, akajisugua kwa sabuni mara mbili, akaitisha leso iliyochemshwa, akaingia.

Mtoto alizaliwa kabla ya saa saba, wa kike. Ndipo ulipoanza muda mgumu kuliko wote. Siku ya tatu Mwandoe alimgusa binti yake paji la uso mara nyingi hata akaambiwa, "Baba, utanichubua." Saru alikaa pembeni, macho kwenye tumbo la mzazi. Siku ya nne ikapita. Siku ya saba Mkanyika alilalamika kwamba uji hauna sukari, na Saru akatoka nje, akalia peke yake.

Kesho yake alichemsha shuka katika chungu mbele za watu. Hakuna mtoto aliyetoka duniani. Kisha akashika njia kwenda nyumba tatu, na ndugu yake akamfuata. Mwashumbe aliwasikiliza, akawapa viti. Mngoda aliinama. Mama yake Malemba alisikiliza hadi mwisho, akafunga mlango, wala hajawafungulia tena.

Ninyi mnaonisikia mna mikono iliyotenda mema mengi, basi niambieni: ikiwa kunawa ni kukiri, nani kati yetu yuko tayari kunawa kabla mwingine hajazikwa?