Kengele ya Nyumba ya Kilimani

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, maana ya leo inatia ganzi. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo kale, mbali huko bahari ya Karibi, palikuwa na kisiwa cha miwa. Mababu wa watu wa kisiwa hicho walitolewa huku kwetu Afrika, wakatiwa minyororo, wakavushwa bahari, wakalimishwa miwa hadi mifupa ikalia. Utumwa ukaja ukaisha. Nyumba ya bwana ikabaki kilimani, na wageni wakawa wanakuja kwa meli kuitazama.

Aliyewatembeza wageni ni binti mmoja, Felisiti. Aliwapeleka kwenye maporomoko ya maji, akawachezesha ngoma, kisha akawapandisha kilimani. Huko ilitundikwa kengele kubwa ya shaba.

"Hii ilikuwa ya kuwaita watu chakula," aliwaambia, kama alivyofundishwa na mwenye nyumba. "Pigeni!"

Nao wakapiga. Ngwee! Ngwee! Wakacheka, wakapiga tena. Ngwee!

Siku moja mwenye nyumba alitaka wageni waimbiwe nyimbo za kale. Felisiti akamleta bibi yake, Bibi Akuba. Tangu utumwa uishe, bibi huyo hakuwa amekanyaga tena kilima kile.

Mgeni mmoja akavuta kamba. Ngwee!

Bibi akaanguka magotini, puu! Akaziba masikio.

"Bibi! Una nini?" Felisiti akamkimbilia.

"Nani kakwambia ni ya chakula? Kengele hii ililia siku walipomuuza mama yangu. Nilishika gauni lake. Wakamvuta. Nikabaki na kitambaa mkononi."

Felisiti akatazama viganja vyake. Mikono yake hii hii, mara ngapi imevuta kamba ile! Wageni vinywa wazi. Felisiti akaokota jiwe aivunje kengele.

"Weka chini, mjukuu wangu," Bibi akasema. "Ukiivunja, uongo ndio utakaobaki. Iache. Ila sasa iseme kweli."

"Mtanikimbizia wageni!" mwenye nyumba akafoka.

"Na wakimbie," Felisiti akajibu. Kisha, polepole: "Bibi, mama yako aliitwa nani?"

Jina hilo Bibi hakuwahi kulitamka mbele ya mtu.

"Yaba."

Hakukimbia mtu. Tangu hapo, kila aliyenyoosha mkono kwenye kamba alimsikia Felisiti: "Hapa aliuzwa Yaba, mama wa bibi yangu." Na mkono ukashuka wenyewe.

Basi jamani, kabla hujacheza na kitu cha kale, uliza kilimliza nani. Nami ngano yangu naitua hapa.