Kitabu Kilichovishwa Sanda Kikiwa Hai

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa milima ya Yemen waliishi Mayahudi wacha Mungu, na sinagogi lao lilikuwa na kabati la vitabu. Kabati moja tu, tena dogo! Kitabu hakiingii mpaka kingine kitoke. Na kinachotoka hakichomwi wala hakitupwi, maana kimebeba jina la Mola. Huvishwa sanda, kikazikwa makaburini kama mtu.

Basi alikuwepo mnakili kijana, Zekharya, fundi wa kalamu asiyejua kujishusha. Miaka miwili alinakili kitabu cha hukumu kilichoachwa na marehemu Mori, yaani mwalimu, Sulaimani, na alipomaliza, lo! Herufi zilikaa kama lulu kwenye uzi. Kile cha zamani, masikini, kimeliwa na mchwa, kinanuka moshi, jalada linaning'inia. Wazee wakatazama hiki, wakatazama kile, wakacheka. Mori Yihye, mwalimu wao, akaamua: kipya kiingie, kikuukuu kizikwe. Hakuna aliyeketi akavisoma vyote viwili.

Siku ya maziko mji ukafurika. Ngoma zinalia kwa ajili ya kipya, na Zekharya kapewa heshima ya kubeba kikuukuu. Akatembea kifua mbele hadi makaburini.

"Punguza madaha, mwanangu," akamtania Mama Rumiya, mjane wa Mori Sulaimani. "Umebeba maiti, hujabeba bibi harusi."

"Mama, wakizaliwa wanakili kama mimi, vikongwe kama hiki lazima vipumzike!"

"Haya, bingwa. Kifunue uso basi tukiage. Nisomee ule mlango wa wajane, aliokuwa akiupenda mume wangu."

Zekharya akafunua sanda kwa mbwembwe. Maneno yale aliyajua kwa moyo. Akasoma kwamba mjane atakaa katika nyumba ya mumewe. Kisha ulimi ukakwama. Mbele yake palikuwa na mstari asioujua: *wala warithi hawana ruhusa ya kumtoa humo, hata wakiwa na haja na nyumba.* Katika kitabu chake mstari huo haumo! Mistari miwili ilianza kwa neno lile lile, na alipokuwa akinakili jicho lake liliruka kutoka wa kwanza hadi wa pili.

Shimo liko wazi. Akinyamaza, haki inafukiwa, na kesho mjane atatupwa nje kwa hukumu ya kalamu yake. Akisema, jina lake linazama mbele ya mji mzima. Na hakuna mwingine aliyeuona mstari ule ila Mola wake.

"Lete hicho, jua kali!" mchimbaji akapaza sauti kutoka shimoni.

"Msikifukie!" Zekharya akapiga kelele. "Hiki ndicho kizima! Kibovu ni changu!"

Ngoma zikanyamaza. Mmoja nyuma akacheka: "Kumbe lulu zimepungua!"

"Zimepungua, ndiyo," akajibu, machozi yakimtoka. "Nimeruka mstari, Mori. Mstari wa wajane."

Mori Yihye akainamisha kichwa. "Kosa lako ni la jicho, mwanangu. Langu ni zito zaidi. Nilipewa dhamana ya kuchagua kwa kusoma, nami nikachagua kwa kutazama."

Wakageuka wote, mbio, sanda ya kitabu ikipepea, kikarudishwa kabatini kwa vigelegele vingi kuliko vya asubuhi. Zekharya akaketi, akauandika mstari ule pambizoni mwa kitabu chake kwa wino mzito. Ukurasa ukaharibika uzuri, nacho kikabaki nje, hakina pa kukaa.

Mama Rumiya akanyoosha mikono. "Nipe mimi. Nyumbani kwa mume wangu nataka kitabu ambacho mwandishi wake alimwonea Mungu haya kabla ya kuwaonea watu."

Ndugu yangu, kukosea si ajabu; jicho la mwanadamu huruka. Lakini udongo ukishaingia shimoni hautoki kwa majuto. Sema ungali umekishika mkononi.