Mstari wa Mlango wa Kulia

Likizo ilimfikisha Bi Mishi kwenye hoteli moja ya Diani, yeye na mjukuu wake Saumu, wa miaka saba, aliyerefuka kama marehemu babu yake. Mkobani mlikuwa na pesa za mlo wa mtu mzima mmoja, kwa kuwa aliambiwa watoto hula bure.

"Huyu amepita mstari," alisema meneja, akionyesha alama nyekundu ya kimo kwenye mlango wa chumba cha kulia. Bi Mishi alikiona kidevu cha meneja tu juu ya kaunta. "Atalipa kama mtu mzima."

"Mwanangu, ana miaka saba. Hata meno ya mbele hana."

"Bibi, hapa hatuangalii miaka wala meno. Tunaangalia mstari."

"Kwa kila mtu?"

"Kwa kila mtu."

"Na aliye chini ya mstari?"

"Huyo ni mtoto. Hula bure, mradi aje na mtu mzima aliyelipa."

Bi Mishi alimlipia Saumu. Kisha akavua viatu, akasimama mlangoni na mgongo wake uliopinda, aliozoea kuuita ndoana. Mstari ukapita vidole viwili juu ya leso yake ya kichwani.

"Meno ya mbele mimi pia sina," alisema. "Saumu, nishike mkono, mama, unipeleke kwenye wali."