Kinundu cha Mzee Shemboza

Nachonga!
— Chonga tuone!
Nachonga nini?
— Chochote, mradi kikate!

Haya. Anayeona nitasema uongo ainuke sasa hivi, aje anishinde mbele za watu. Hakuna? Nilijua. Shule niliitoroka darasa la nne, lakini kwa mdomo huu hata mwalimu wangu angekaa kitako asikilize.

Hapo kale, katika kijiji cha wachonga milango, palikuwa na fundi aitwaye Mzee Shemboza. Kidole chake cha shahada kilikatwa na msumeno, kikabaki kigutu. Basi mpini wa tezo lake la kuchongea mbao aliuchonga mwenyewe, wa mti wa mpera, akaacha kinundu mahali pa kile kidole kisichokuwepo. Ukiushika wewe, kinundu kinakuumiza kiganja. Akiushika yeye, mpini unalala kama mtoto aliyeshiba.

Na desturi ya karakana yake ilikuwa moja: kila fundi na mpini aliouchonga kwa mkono wake. Jina haliandikwi. Mkono ndio jina. Anayedai chombo cha mwenzake hufukuzwa, na hagusi ubao tena kijijini humo.

Mzee alikuwa na mwanafunzi, Kitojo, mwenye majigambo kuliko jogoo. Wewe wa nyuma, usicheke, bado. Mzee alimfundisha: kwangua kidogo, shika, kwangua tena. Kitojo akachonga mpini wa kwanza, ukapasuka. Akachonga wa pili, ukachomoka. Akachonga wa tatu, ukamtoa malengelenge. Kila mara Mzee alimwambia neno lile lile.

"Unaharakisha, mwanangu."

Ikaja habari kwamba Jumbe, mtawala wa nchi ile, anatafuta fundi wa mlango wake mkubwa. Mzee alikuwa ameungoja mlango ule tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kitojo naye aliutaka, na Jumbe alikuwa hamchukui fundi kabla ya kuuona mpini wake. Kitojo hana mpini. Afanyeje? Semeni, ninyi mliosoma.

Mzee akaenda msibani siku tatu. Siku ya kwanza, Kitojo akachukua tezo la Mzee, akakikwangua kinundu kwa kigae cha chupa. Siku ya pili akashika, akakwangua tena. Siku ya tatu akapaka mafuta na masizi, mpaka pale palipokwanguliwa pakafanana na jasho la miaka ishirini.

Mzee aliporudi, kabla hajaligusa tezo lake, Jumbe akafika, akawakuta wote wawili wanalidai tezo moja. Mzee wala hakuwa na wasiwasi. Alimwonea Kitojo huruma, maana alijua kinundu kitamuumbua. Ni yeye mwenyewe aliyemwomba Jumbe awape washike, mmoja mmoja, watu wote waone.

Kitojo akashika. Mpini ukatulia.

Mzee akashika. Ukamzunguka mkononi. Akashika tena. Ukazunguka. Akashika mara ya tatu, akapapasa kwa kile kigutu, akitafuta kinundu chake. Pamelainika kama shavu. Hapo ndipo alipoelewa.

"Mzee, chombo hiki si chako," Jumbe akasema.

Mzee Shemboza akamrudishia Kitojo tezo, akatoka bila neno. Milango nusu ya nchi ile ni kazi yake, lakini mpaka anakufa alichoma mkaa kijiji cha pili. Mlango wa Jumbe akauchonga Kitojo.

Maranda nimeyafagia, chombo nimekiweka chini. Aliyesikia asikie, aliyesinzia shauri yake.

Ngojeni, msiinuke. Kuna mahali nimeparuka. Hapo kale si kale sana, na Mzee hakutoka bila neno. Aliniinamia sikioni mimi, Kitojo, mimi huyu huyu mnayenitazama. Hakuwa na hasira. Alisema kama anavyosema mwalimu aliyekagua kazi.

"Umekwangua vizuri, mwanangu. Safari hii hukuharakisha."

Nachonga!

Nachonga, jamani.

Itikieni basi.