Tenga la Bi Pimbi

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado na nyumba na milango ya kubishwa hodi, uliingia ugonjwa wa kifua uliozizunguka nchi zote. Kohoo, kohoo, mtoni. Kohoo, kohoo, mwituni. Dawa ilikuwa moja tu: magome ya mti mchungu uliomea bondeni kwa Tembo, wala haukumea pengine.

Tembo aliyakausha magome, akajaza ghala mpaka darini, kisha akamwita waziri wake, Nyati.

"Funga mpaka, gome lolote lisitoke. Tusije tukapungukiwa."

"Tutapungukiwaje, Mwinyi? Ndani hamna hata pa kukanyaga."

"Funga."

Kesho yake akaja Bi Pimbi wa nchi ya Majabali. Pimbi, si panya; wengine humwita pelele. Tembo alimsikia kabla ya kumwona.

"Hodi, Mwinyi Tembo. Shikamoo."

"Marahaba. Simama huko huko, usinikoholee."

"Mimi mzima. Mgonjwa ni kitinda mimba wangu, na watoto wa Majabali nzima. Hawalali. Naomba magome, kiganja kimoja tu."

Tembo alitazama vidole vya miguu yake. "Hali yetu si nzuri, Bi Pimbi. Ghala limekauka. Nenda salama."

Bi Pimbi akalitazama lile ghala. Mlango wake ulikuwa umefura kama shavu la mtu mwenye tonge. Akasema polepole, "Pole sana, Mwinyi. Sikujua."

Akaenda zake kwa njia ya uani. Tembo alishangaa kidogo kwamba hakulia, kisha akasahau.

Ikafika siku ya baraza. Mabalozi wa nchi zote waliketi uani kwa Tembo, kila mmoja mbali na mwenziwe kwa ajili ya ugonjwa. Mara, tu-tu-tu, ngoma! Pimbi wa Majabali waliingia kwa safu, vichwani wamejitwika tenga kubwa kama kitanda.

"Nini kile?" Tembo aliuliza.

Nyati akaenda kuuliza, akarudi. "Msaada, Mwinyi. Wametuletea msaada."

"Wamemletea nani?"

"Sisi."

Mkonga wa Tembo ulibaki juu, hauendi mbele wala haurudi nyuma. Tangu azaliwe hajapata kusaidiwa na mtu asiyemfika kwenye kifundo cha mguu.

Bi Pimbi alipanda ukingoni mwa tenga. "Waheshimiwa, juzi nilimwomba jirani yangu dawa, akaniambia ghala limekauka. Nimesikitika. Mwili ule, familia ile, na ndani hamna kitu. Basi sisi tumejikusuru, tumemchangia. Apokee, asione haya."

Baraza lote likainua shingo kulitazama tenga. Hata waliokuwa wakikohoa waliacha.

"Kumbe huna kitu, Tembo?" akauliza Twiga. "Mbona hukusema? Tungekuchangia hata shuka."

Masikio ya Tembo yakamwaka moto. "Nani kasema sina? Nyati, fungua ghala waone!"

Nyati akavuta komeo. Poroo! Magome yakaporomoka mpaka miguuni pa mabalozi.

Mabalozi walitazama magome, wakamtazama Bi Pimbi, kisha wote wakamgeukia Tembo.

"Kwa hiyo ulimnyima," Twiga alisema.

"Yalikuwa… yalikuwa kwa nyuma," Tembo alijibu. "Sikuyaona."

"Afadhali basi, hamkupungukiwa," akasema Bi Pimbi. "Tupeni tenga letu twende."

Nyati alitoa kitita kimoja cha mchaichai kilichokuwa peke yake chini kabisa ndani ya tenga, akataka kulirudisha. Mke wa Tembo, Bi Ndovu, akamshika pembe.

"Wewe, una wazimu? Chombo cha jirani unakirudisha kitupu, mbele ya wageni? Unataka nisemwe nchi nzima?"

Ndiyo ilikuwa desturi yao. Hata sahani ya maandazi ya jirani hurudishwa imejaa kitu. Basi Nyati akajaza. Akajaza, akashindilia, akajaza tena. Tenga lilimeza nusu ya ghala, na mabalozi wakampigia Tembo makofi.

Tembo alinusa kile kitita. Akashtuka, akamwinamia Bi Pimbi sikioni.

"Mchaichai huu ni wa uani kwangu."

"Ndiyo, Mwinyi. Niliuchuma siku ile nikitoka. Niwaambie wageni?"

Tembo alisikiliza makofi.

"Nenda, Bi Pimbi. Nisalimie mtoto."

Mtoto alipona, na wenzake wote. Asubuhi iliyofuata Tembo alifungua lango, akaduwaa. Walikuwapo Twiga, Kiboko, Digidigi na wengine foleni nzima, kila mmoja na tenga lake, na ndani ya kila tenga mmelala jani moja la mchaichai.

Nami naliacha tenga hapo: ukimnyima jirani dawa, usishangae akikujia na zawadi.