Bi Pimbi na Mji wa "Ni Mimi"

Hapo zamani za kale, enzi ambazo pimbi walijenga nyumba na fisi walivaa kanzu, palikuwa na mji ukiitwa Majabalini. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, maana hadithi hii inataka masikio.

Katika mji huo aliishi Bi Pimbi, msuka majamvi, mdogo wa umbo lakini mwepesi wa ulimi. Mwaka mmoja aliugua macho. Waganga wakaja, dawa zikachemshwa, na mwisho wake macho yakafa. Bi Pimbi akalia siku saba. Siku ya nane akaokota ukili wake akaendelea kusuka, kwa kuwa vidole vyake havikuwa vimeugua.

Mumewe alishafariki. Alikuwa na binti mmoja tu, mdogo bado, jina lake Sikudhani, na wawili hao ndio waliokuwa nyumba nzima. Bi Pimbi alikijua kila kitu kwa hatua. Toka mlangoni hadi mtungini, hatua nne. Toka mtungini hadi mafigani, hatua tatu. Chungu cha uji kikiepuliwa kinakaa ukutani, hakikai penginepo. Basi alikwenda huku na huku ndani mwake kama wewe unavyokwenda kwenu.

Taabu yake kubwa ilikuwa majirani.

Msidhani walikuwa wabaya. Walikuwa wema, ila wema wenyewe ulikuwa na makucha. Bi Pimbi akisimama njiani kupumzika, mtu humdaka mkono akamvusha mto, kumbe hakutaka kuvuka. Sasa yuko ng'ambo, na aliyemvusha keshakwenda zake. Wakimkuta na bintiye, humuuliza binti: mama yako hajambo, mama yako anakula? Utafikiri mama ni gunia la mihogo. Wakichoka kuzungumza huondoka kimya kimya, naye akabaki akiusimulia ukuta.

Na hodi zao sasa! Ngo, ngo, ngo. "Hodi!" "Nani?" "Mimi." Mimi nani? Hawasemi. Mji mzima ulikuwa Mimi. Wenye utani zaidi humshika mabega wakamwambia, "Haya, nitambue! Mimi nani?" Asipotambua, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Ningekuwa ni mimi ningewapiga upawa wa kichwa, lakini Bi Pimbi alivumilia.

Aliyewazidi wote kwa wema alikuwa jirani wa mlango wa pili, Bi Kiboko. Kila asubuhi alikuja kumfagilia, na kila akifagia husukuma kigoda huku, mtungi kule. Bi Pimbi alimwomba mara nyingi aviache vitu mahali pake. Bi Kiboko huitikia, "Ndiyo, ndiyo, shoga yangu," huku anasukuma. Hakuwa akisikiliza.

Basi asubuhi moja Bi Kiboko alikitoa chungu cha uji pale ukutani, akakiweka katikati ya njia ili apate kufagia. Akamaliza, akaenda zake bila kuaga. Bi Pimbi akainuka kwenda mtungini. Hatua moja, hatua mbili, pu! Chungu kikapinduka, uji wa moto ukamwagika, ukamuunguza Sikudhani mguu.

Mtoto akalia, mama akalia zaidi. Alimmwagia maji ya mtungini, akambembeleza. Malengelenge yenyewe yalikuwa madogo, lakini habari iliyozunguka mjini ilikuwa kubwa: kipofu kamchemsha mwanawe.

Jumbe Nyati, mkuu wa mji, akaitisha baraza siku ileile. Bi Pimbi alikalishwa mbele, na wakubwa wakazungumza juu ya kichwa chake. Mmoja alisema asiyeona hawezi kulea. Mwingine akasema leo kaunguza mguu, kesho ataunguza mtoto mzima. Bi Pimbi akawaambia chungu kilihamishwa. Alisema mara tatu, na mara zote tatu wakubwa waliendelea kuulizana wao kwa wao. Hata Bi Kiboko, aliyekaa palepale, alikuwa akilia kwa huruma kwa sauti kubwa kiasi kwamba hakusikia hata neno.

Ndipo akainuka Fisi, kanzu yake nyeupe, sauti yake laini. Siku zile tabia ya fisi ilikuwa haijajulikana bado, ndiyo maana walimpa nafasi. Akasema yeye hana mtoto, nyumba yake ni kubwa na moyo unamuuma, hivyo anajitolea kumlea Sikudhani.

"Nimemtazama," akasema, "ni mtoto mnono, mashallah."

Baraza likampigia makofi, maana njaa ilikuwa imewashika na shauri lilitakiwa liishe. Ikaamuliwa kwamba kesho, jua likifika utosini, Fisi atakwenda kumchukua mtoto.

Bi Pimbi alirudi nyumbani. Alikuwa amekaa karibu na Fisi, na baada ya lile neno "mnono" alimsikia akimeza mate. Wenye macho walikuwa wakiangalia kanzu. Aliwaza kukimbia na mtoto, lakini akimbilie wapi, na mtoto mwenyewe hawezi kukanyaga?

Sikudhani akamuuliza, "Mama, huko kwa Fisi na wewe utakuja?"

Bi Pimbi akamvuta kifuani, akaanza kulia.

Alasiri hiyo, ngo, ngo, ngo. "Hodi!"

Bi Pimbi alikuwa bado analia, akasema na machozi yake, "Nani atakayeniachia mwanangu?"

"Mimi," sauti ikajibu upesi.

Alikuwa ni Jumbe Nyati, amekuja kumkumbusha afunge nguo za mtoto. Hakuwa na nia ya kumwachia chochote. Alisikia "nani" tu, akajibu kama mji mzima ulivyozoea kujibu. Machozi ya Bi Pimbi yakakauka, akili ikaanza kukimbia.

"Jumbe, umesema wewe ndiye utakayeniachia mwanangu."

"Nani kasema? Mimi?"

"Wewe. Nimeuliza, umejibu."

Nyati akacheka kidogo, akasema hakulisikia swali. Bi Pimbi akamwambia hajasikia swali lake hata moja tangu macho yalipokufa. Maneno hayo yakamchoma Nyati, akawa anakwaruza chini kwa ukwato. Hapo Bi Pimbi akamwomba jambo moja: kesho aje kabla ya wengine, akae nyuma ya jamvi kubwa alilolitundika ndani, asichungulie, asiseme neno, asikilize tu. Nyati aliona haya kukataa, akakubali.

Kesho yake Nyati akaja mapema, akajibana nyuma ya jamvi. Bi Pimbi alimpakata mwanawe akangoja, na kungoja kulimtesa. Aliogopa Nyati atapiga chafya. Aliogopa Sikudhani atalia. Zaidi ya yote, aliogopa kwamba leo, siku ya kwanza tangu zamani, watu watalisikiliza swali lake kabla ya kujibu "mimi".

Ngo, ngo. "Hodi!"

"Nani aliyekitoa chungu cha uji ukutani akakiweka njiani?"

"Mimi, shoga yangu!" Bi Kiboko akaingia na fagio lake. "Nimekuja kufagia, mgeni asikute vumbi."

Nyuma ya jamvi pakasikika pumzi nzito, fff. Bi Pimbi akakohoa kuifunika. Kisha akamshika Bi Kiboko mkono, akamuuliza tena neno kwa neno: jana ulipofagia pale ukutani, chungu ulikiweka wapi?

Safari hii Bi Kiboko alisikia. Fagio likamponyoka.

"Njiani," akasema. "Nilikiweka njiani, nikakisahau. Ee Mola wangu, kumbe ni mimi niliyemuunguza mtoto."

Akaanza kulia, lakini Bi Pimbi hakuwa na nafasi ya machozi ya mtu. Jua lilikuwa linapanda. Akamsukuma Bi Kiboko nyuma ya jamvi kwa Nyati, jamvi likafura. Akamnong'oneza Sikudhani amwambie kama miguu inaonekana. Mtoto akajibu kwato za Nyati zimetokeza zote mbili. Bi Pimbi akatambaa mbio mbio, akazirundikia ukili, akarudi mahali pake anahema.

Jua likafika utosini, na hodi haikusikika.

Bi Pimbi alitega sikio. Kimya. Kisha akahisi mwili wa Sikudhani unakakamaa mapajani mwake, kidole kidogo kikambana mkono. Kuna mtu ndani. Mtu huyo ameingia bila hodi, amesimama, anatazama, na hasemi. Wanangu, hakuna jambo linalomtia asiyeona baridi ya mgongo kama hilo, kutazamwa na mtu asiyejitaja.

Halafu mikono mizito ikatua mabegani mwake.

"Haya, nitambue," sauti ikacheka. "Mimi nani?"

Alikuwa Fisi. Na mtego wote wa Bi Pimbi ulikuwa kwenye neno "nani", na sasa Fisi ndiye anayeuliza. Akimtaja, Fisi atasema naam, atamchukua mtoto kwa idhini ya baraza, na Nyati atakuwa hajasikia ubaya wowote. Akikaa kimya, mtoto anakwenda vilevile. Fisi alikuwa tayari ameushika mkono wa Sikudhani, na Sikudhani ameanza kwikwi.

Bi Pimbi akatabasamu.

"Nakutambua sana. Wewe ni Bwana Chui. Umewahi kama ulivyoahidi. Mtoto ndiye huyu, ameshanenepa. Fisi akija na kanzu yake atakuta mafiga matupu."

"Chui?" Fisi akaruka. "Chui anaingiaje hapa?"

"Si ulisema mwenyewe Fisi ni bwege, utamwahi?"

"Chui kasema mimi bwege? Nimekaa barazani kutwa nzima, kanzu inaniwasha, nimesema maneno matamu mpaka ulimi umekufa ganzi, halafu aje Chui amle?"

"Bwana Chui, mbona sikuelewi?"

"Mimi si Chui!" Fisi akafoka. "Mimi ni Fisi! Huyu mtoto nitamla mimi, na ndimu nimekwisha kamua!"

Jamvi likapasuka, pwaa! Nyati akatoka pembe mbele, Bi Kiboko nyuma yake na fagio. Fisi alipitia dirishani, kanzu ikanasa, akaiacha. Mpaka leo fisi anatembea bila kanzu, na mkimsikia anacheka msidhani amefurahi.

Bi Pimbi hakumsikiliza akikimbia. Alikuwa anampapasa mwanawe, uso, masikio, vidole, mguu wenye malengelenge, kuhakikisha kila kitu kipo. 

Nyati akatangaza palepale kwamba hukumu ya baraza imefutwa, mtoto hatoki kwa mama yake. Ilikuwa hukumu njema, na angeishia hapo ingetosha. Lakini aibu ilikuwa imemjaa akaona aongeze. Akasema mji utamhamisha Bi Pimbi, utamjengea nyumba mpya karibu na baraza. Bi Kiboko atampikia asubuhi na jioni. Vijana wawili watamshika mikono, mmoja huku, mmoja huku, popote aendapo. Jamvi hatasuka tena, atapumzika.

Bi Pimbi akamwacha amalize. Alikuwa amechoka, na hofu iliyokuwa imeanza kumtoka ilianza kurudi.

"Jumbe," akasema, "umeniuliza?"

Nyati akatazama chini, akamtazama Bi Kiboko, ambaye naye alitazama fagio. Kisha akapiga magoti, mnyama mkubwa vile, uso wake ukawa karibu na uso wa Bi Pimbi.

"Bi Pimbi," akasema taratibu, "ungependa tukusaidie nini?"

Tangu macho yake yalipokufa hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Bi Pimbi, ambaye hakulia mbele ya Fisi, akalia mbele ya Nyati. Walimngoja, na hakuna aliyemfuta machozi bila kuombwa.

Alipopata sauti akasema, "Nipisheni mlangoni, upepo uingie. Mwanangu hajala tangu jana, nataka nimpikie uji."

Wakampisha. Bi Pimbi akahesabu hatua zake hadi mafigani akawasha moto, na wakubwa wale wawili wakakaa nje wakingoja kuitwa. Hawakuitwa mpaka mtoto aliposhiba.

Nami hapo ndipo nilipofika, anayetaka zaidi akamuulize Fisi. Ninyi shikeni hili: ukitaka kumsaidia asiyeona, muulize kwanza, kisha usikilize jibu lake.